Nimeambiwa nitoke flenka niende propu na mkataba wa akademi uko mezani, nifanyeje?

flenka_saba:

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri hasa kwa waliocheza raga ya kulipwa au walio karibu na timu, manake nyumbani kwetu hakuna anayeijua hii kazi na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Nina miaka 19, flenka namba 7 (yule fowadi wa pembeni anayekimbilia mpira), urefu mita 1.83, kilo 104 hivi. Klabu ya ligi kuu imenipa mkataba wa akademi, miaka miwili na huo wa tatu ni klabu ndo itaamua. Nilikuwa nimeshafurahi, afu kocha wa mafowadi, yaani wale wanane wa mbele wanaosukumana na wapinzani kwenye skramu kugombea mpira, akaniita pembeni baada ya mazoezi akaniambia bila kuzunguka kwamba kama flenka haoni nikifika timu ya kwanza, ila nikikubali kuhamia propu, mtu wa mstari wa mbele wa skramu, namba 3, baada ya misimu kadhaa ananiona nacheza. Anataka niongeze kilo kumi na kitu kabla msimu haujaanza.

Tangu hapo usingizi umepungua. Mi napenda kukimbia, napenda kuwa wa kwanza kufika kwenye raki, pale watu wanapogombea mpira ulio chini, na kuuiba, ndo raga ninayoijua. Propu naona ni kama kwenda kujificha, unasukuma mpaka unaishiwa pumzi afu anayetajwa kwenye habari ni winga aliyefunga trai. Halafu mama ameona habari za wale wachezaji wa zamani waliopoteza kumbukumbu na ameniambia waziwazi hataki.

Naomba mniambie ukweli. Fowadi wa kulipwa anadumu muda gani? Wiki yake ikoje? Kuhamia propu ni kushushwa au ni nafasi? Na mama nimwambie nini?

loku_mstaafu:

Mdogo wangu hongera kwanza, akademi haimpi mkataba mtu ambaye haina mpango naye. Mi nilicheza loku, mstari wa pili wa skramu, ligi mbili nchi mbili tofauti, mpaka goti likakataa, sasa hivi nafundisha mafowadi vijana kwa hiyo haya mazungumzo ya kumwambia mtu ahamie mstari wa mbele nayajua vizuri.

Hilo la kushushwa litoe kichwani. Chukua karatasi ya timu siku ya mechi uisome. Watu 23, kumi na tano wanaanza na nane wako benchi. Sheria inataka kila nafasi ya mstari wa mbele iwe na mtu wa akiba aliyefundishwa nafasi hiyo, kwa hiyo una propu wawili na huka wa katikati yao wanaoanza na wengine watatu benchi, yaani watu sita kati ya 23 lazima wawe wa mstari wa mbele na hakuna kocha wa kukwepa hilo, akiwakosa skramu inachezwa bila kusukumana na silaha yake imeenda. Flenka wanaanza wawili, na benchi mara nyingi anakaa mmoja wa akiba ambaye anatakiwa awe anaweza na namba nane pia, yule wa nyuma kabisa kwenye skramu. Halafu propu siku hizi hachezi dakika 80, wengi wanatolewa kuanzia ya 50 hivi, kwa hiyo hata yule wa benchi ana kazi ya maana kila wiki, si wa kupasha misuli tu. Fainali ya Kombe la Dunia 2023 Afrika Kusini waliweka mafowadi saba kwenye benchi na beki mmoja tu, wakaifunga New Zealand 12-11. Mafowadi wa benchi wanatafutwa kuliko wakati wowote.

Na wewe si wa kwanza kuhamishwa. Tendai Mtawarira, yule Beast, alitoka Zimbabwe akaenda Durban akiwa anacheza nyuma ya skramu, klabu ya Sharks ya huko ndo walimgeuza propu, na ilimchukua muda, haikuwa msimu mmoja. Akaingia Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, 2008, akamaliza na mechi 117 za taifa na Kombe la Dunia la 2019. Malcolm Marx naye alikuwa flenka alipokuwa kijana, wakamfanya huka, na mpaka leo ukiuliza nani hatari kwenye kuiba mpira chini jina lake linatajwa mapema kabisa. Hicho unachokipenda unahama nacho, hakuna anayekunyang'anya. Propu anayejua kuiba mpira ni mali.

Sasa pale ambapo mi simwelewi kocha wako ni hiyo namba 3. Namba 1, propu wa kushoto, kichwa chake kina upande mmoja uko wazi, anapambana na mtu mmoja. Namba 3 kichwa chake kinaingia katikati ya propu na huka wa upande wa pili, mabega yote mawili yana mzigo, na nyuma yako loku na flenka wanakusukuma na kilo zao zote, kwa hiyo ukiwa hujui kuweka mgongo sawa unakunjwa wewe. Angalia mechi ya kwanza ya Lions, timu ya pamoja ya Uingereza, Wales, Scotland na Ireland, na Afrika Kusini kule Durban 2009, namba 3 wao Phil Vickery alikuwa bingwa wa dunia, mtu wa uzoefu, lakini Mtawarira akiwa namba 1 alimbana mpaka penalti zikafuatana na kipindi cha pili kilipoanza tu wakamtoa. Kama mzee kama yule anaweza kupata siku ya namna hiyo, kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kukaa mstari wa mbele unamweka pale haraka ya nini? Flenka wengi wanaohamishwa wanaenda namba 1 au huka. Muulize kwa heshima kabisa, kocha kwa nini 3, kwa nini si 1 kwanza. Akiwa na jibu utalisikia.

Kuhusu wiki. Mechi ikiwa Jumamosi, Jumapili unaamka huwezi kugeuza shingo, unaingia maji baridi, unatembea kidogo. Jumatatu ni video na jimu, na hiyo video ndo watu wa nje hawaijui, kocha anasimamisha picha kwenye mguu wako, anauliza mbele ya wenzako kwa nini kisigino kimeshuka. Jumanne ndo siku nzito, skramu za kweli na lainiauti (mpira uliotoka unarushwa na huka na watu wananyanyuliwa kuudaka) na kugongana. Katikati ya wiki mnapumzika siku moja, halafu Alhamisi mnarudia mipango kwa kasi, Ijumaa ni mazoezi mepesi. Lainiauti peke yake ina mtihani wake, loku anayeita anabadilisha alama kila wiki kufuatana na mpinzani na wewe propu unatakiwa umsikie katikati ya kelele, uende mahali sahihi, umnyanyue mtu wa mita mbili kwa wakati uleule huka anarusha. Ukichelewa kidogo tu mpira umeenda.

Na jiandae kwa kitu ambacho kiliwavunja moyo wenzangu wengi. Miaka ya mwanzo hutacheza. Utakuwa propu wa tano au wa sita, kazi yako ni kuigiza skramu ya mpinzani wa wiki ili timu ya kwanza wajifunze, unapigwa Jumanne na Alhamisi na Jumamosi unakaa jukwaani na suti ya klabu. Wakikupeleka kwa mkopo ligi ya chini nenda na shukrani, kule ndo unapata skramu za watu wazima.

mpenda_raki:

Mi napinga kidogo. Kijana anasema anapenda namba 7, ana miaka 19, kwa nini tumvunje moyo mapema hivi? Kimo si hoja. David Pocock, flenka wa Australia, hakuwa mrefu na alikuwa anaiba mipira dunia nzima inajua, Kwagga Smith wa Afrika Kusini ni mfupi kuliko huyu kijana na ana medali mbili za Kombe la Dunia, 2019 na 2023. Kocha mmoja akikwambia hufai klabu hii haina maana hufai kokote. Wengine wanasema hivyo kwa sababu wao wana upungufu wa propu msimu huu, si kwa sababu wamekuangalia wewe. Akubali akiwa anataka mwenyewe, la sivyo atafute klabu nyingine yenye nafasi ya 7.

loku_mstaafu:

Mkuu hapo kwenye upungufu wa propu uko sahihi na anatakiwa aliulize hilo wazi. Ila tuseme na upande wa pili. Namba 7 ndo anapiga tekli nyingi, yaani kumkamata mwenye mpira na kumwangusha, na kuweka kichwa kwenye kila raki, mwili wake unaisha mapema. Sam Warburton, flenka wa Wales, aliongoza Lions ziara mbili, 2013 na 2017, akastaafu 2018 ana miaka 29 tu manake mwili ulikataa. Richie McCaw, flenka wa New Zealand, alifika mechi 148 za taifa ndiyo, lakini McCaw ni mmoja. Propu anachelewa kuiva na anadumu, wengi wanakuwa bora wakiwa karibu na 30. Deon Fourie alianza kuchezea Springboks 2022 akiwa na miaka 35, na fainali ya 2023 huka wao Mbonambi alipoumia mwanzoni kabisa ni yeye aliyeingia kama huka akacheza karibu mechi nzima. Huyu miaka yake kacheza huka na flenka pia. Kujua nafasi mbili kunamuongezea mtu miaka ya kazi.

dada_fizio:

Mdogo wangu mi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, nimefanya kazi na timu za kulipwa, naomba niongelee mambo mawili ambayo yananihusu: hizo kilo na kichwa.

Kilo kumi na kitu kabla ya msimu, hapana. Unaweza kuzipata, ila utapata mafuta na magoti yenye hasira. Mwili wa flenka umezoea kukimbia na kilo 104, ukiupandisha ghafla mishipa na viungo havifuati misuli, na mgongo wa chini ndo unalalamika wa kwanza. Propu anajengwa kwa misimu miwili mitatu, na kuna vitu vinatangulia kilo, yaani shingo, mabega, kiuno na uwezo wa kukaa chini mgongo ukiwa umenyooka huku unasukumwa. Nimeona vijana wanakuja wazito kweli, anasukuma chuma kikubwa jimu, lakini ukimwambia ainame katika mkao wa skramu umwekee mkono kichwani akusukume kwa shingo bila kusogea anatetemeka. Huyo hajawa tayari kwa skramu ya watu wazima hata awe na kilo 125. Muulize kocha nani atakupima shingo na kila baada ya muda gani. Kama hakuna mtu wa kukupima nitashangaa sana na wewe ushangae.

Skramu yenyewe imepunguziwa ubaya. Zamani pande mbili zilikuwa zinaingiana kwa kishindo kutoka mbali. Tangu 2013 refa anaita mara tatu, mnainama, mnashikana jezi kwanza, ndipo mnaingia, na vipimo vilionyesha nguvu ya kugongana ilipungua kama robo hivi. Siku hizi huka anatakiwa aweke mguu mmoja mbele kama breki wakati wa kushikana ili uzito usilalie shingo kabla ya wakati. Hayo ni mabadiliko ya maana kwa mtu wa mstari wa mbele.

Sasa kichwa, na hapa nataka useme ukweli kwa mama usimdanganye. Steve Thompson alikuwa huka wa Uingereza waliochukua Kombe la Dunia 2003 na amesema hakumbuki kuchukua lile kombe. Carl Hayman, propu namba 3 wa All Blacks, timu ya taifa ya New Zealand, alisema 2021 kwamba amekutwa na dementia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, akiwa na miaka 41. Alix Popham wa Wales, namba nane, naye hivyohivyo. Wote ni mafowadi. Shida haikuwa pigo moja kubwa la kuzimia, wataalamu wengi wanaangalia mapigo madogomadogo ya miaka, na mengi yalikuwa mazoezini ambako hakuna kamera.

Kilichobadilika ni hiki. Mchezaji akishukiwa anatolewa dakika 12 akapimwe na daktari, hatarudi kwa sababu yeye mwenyewe anasema yuko sawa. Tangu mwanzoni mwa 2024 kwenye raga ya juu wanavaa kinga ya meno yenye kihisi, pigo likiwa kubwa daktari pembeni anaona kwenye kifaa chake hata kama hakuna aliyeliona kwa macho. Na World Rugby, shirikisho la raga duniani, walitoa mwongozo 2021 kwamba kugongana kwa nguvu zote mazoezini kusizidi dakika 15 kwa wiki. Huo ni mwongozo, si sheria ya kumfungia mtu, kwa hiyo swali la kuuliza klabu ni hilo: nyie mnafuata? Nani anahesabu? Ukiuliza ukaona watu wanatazamana ujue jibu.

Na jambo ambalo mama hatalitegemea, mitikisiko mingi ya ubongo inatoka kwenye tekli, na anayepiga tekli anaumia zaidi ya anayepigwa. Haitoki kwenye skramu. Kwa hiyo ukipima kwa kichwa peke yake, kubaki namba 7 hakukufichi. Ninachokuomba ukipigwa ukaona ukungu, taa zinakuuma, hukumbuki matokeo, useme siku hiyohiyo. Wachezaji wanaficha kwa sababu mkataba unakaribia kuisha, hiyo ndo hali niliyoiona mara nyingi na inaniumiza sana.

flenka_saba:

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya uzito huu. Dada fizio hilo la tekli nimemsomea mama akanyamaza afu akaniambia nimuulize huyo dada maswali zaidi, kwa hiyo angalau tunaongea. Loku mstaafu nitauliza kuhusu namba 1.

Sasa mkataba. Ajenti kanipigia simu anasema nisaini haraka kabla klabu haijabadili mawazo. Mi sijawahi kusaini kitu chochote maishani. Nisome nini humo ndani? Na hela za raga zinatosha kujenga maisha au ni za kula tu?

mke_wa_huka:

Kaka mimi ndiye ninayesoma mikataba nyumbani kwetu, mume wangu ni huka, yeye kazi yake kurusha mpira, yangu ni karatasi. Nikushauri kwa yale tuliyopitia.

Ajenti anayekuharakisha mpe siku zako. Mpe mwanasheria asome, au tafuta chama cha wachezaji cha nchi unayochezea, wapo kwa kazi hiyo hasa, Uingereza kuna RPA, Ufaransa kuna Provale, Afrika Kusini kuna MyPlayers, Ireland wanao wao. Wanaziona karatasi hizi kila siku wanajua pa kuangalia.

Wewe angalia hivi. Huo mwaka wa tatu wa klabu kuamua, mshahara wake umeandikwa tayari au utaandikwa baadaye? Usije ukang'ara miaka miwili halafu wakakubakiza kwa hela ya mtoto wa akademi, mwambie ajenti aweke kwamba ukicheza idadi fulani ya mechi za timu ya kwanza mshahara unapanda wenyewe. Ukiumia, wanalipa mshahara kamili kwa miezi mingapi, na upasuaji nani analipa, na ukitaka daktari wa pili akuangalie unaruhusiwa? Wanaweza kuvunja mkataba ukikaa nje muda mrefu? Hicho kifungu kipo kwenye mikataba mingi na kimeandikwa kwa maneno laini sana, kisome mara mbili. Bima ya kumaliza kazi kwa kuumia, kama klabu haina kata yako mwenyewe ukiwa bado mzima, manake bega likishapasuliwa kampuni ya bima inaliondoa lile bega kwenye bima. Sisi tuliambiwa hivyo hivyo, shingo ya mume wangu haimo.

Halafu usione klabu kubwa ukadhani haianguki. Uingereza ndani ya msimu mmoja wa 2022 na 2023 ziliondoka Worcester, Wasps na London Irish, na Wasps walikuwa mabingwa wa Ulaya mara mbili. Wachezaji waliamka hawana kazi katikati ya msimu, nyumba za kupanga, watoto shule. Australia nao klabu ya Melbourne Rebels ikavunjwa 2024. Siku ile ya habari kama hizo simu za maajenti hazishikiki kwa sababu wachezaji wote wa klabu nzima wanatafuta kazi wiki moja, na nafasi kwenye timu nyingine zilishajaa. Propu wanapata haraka kidogo kuliko wengine, hilo ni kweli, nimeliona. Klabu zote propu wao wanaumia kila msimu na zote zinatafuta wa kuziba.

Hela inatofautiana mno. Akademi ni ya kujikimu. Timu ya kwanza ukiwa mtu wa benchi unaishi vizuri ila hutajiriki. Wanaojenga ni wale wa taifa na wale wanaokwenda Ufaransa au Japani wakiwa na jina, na namba 3 mzuri ni kati ya wanaolipwa juu kuliko mafowadi wengine. Kama klabu yako iko Ufaransa basi jua kitu kinaitwa JIFF, ukilelewa kwenye akademi zao misimu kadhaa ukiwa kijana unahesabika mchezaji wao, na klabu zinalazimika kuwa na watu wa aina hiyo, inakupa thamani ya ziada hata ukiwa umetoka nchi nyingine.

Na shule usiiache. Dai iandikwe kwenye mkataba kwamba una masaa ya masomo, siyo kuahidiwa kwa mdomo.

namba3_kazini:

Nimesoma yote nikaona niongeze, mi ndo nacheza hiyo namba 3 sasa hivi.

Ulisema propu anajificha. Ndugu yangu, siku ukiwa namba 3 na skramu yenu iko mita tano kutoka kwenye mstari wenu, dakika ya 70 na kitu, mko mbele kwa pointi mbili, mpira ni wao, hakuna mahali pa kujificha. Unashika jezi ya mpinzani wako wa mbele, unasikia pumzi yake, shavu lako liko kwenye sikio lake, loku wako nyuma anakushika na anasema neno moja tu, bado, bado. Mkiingia unajua ndani ya nusu sekunde kama umeshinda au umeshindwa. Ukimpanda bega akaanza kuinuka refa ananyoosha mkono wake kwenu na uwanja mzima unalipuka, na loku wangu mara ya kwanza alinivuta kwa jezi akanipigia kelele usoni kama nimefunga trai mbili. Winga hajawahi kupata hiyo.

Siku mbaya nayo ipo na wote wanaiona. Fainali ya Kombe la Dunia 2019 Kyle Sinckler, namba 3 wa Uingereza, aliumia dakika za mwanzo tu, Dan Cole akaingia mapema hivyo na kucheza karibu mechi nzima dhidi ya mapropu wa Afrika Kusini waliokuwa wanabadilishwa wakiwa na nguvu mpya, skramu ya Uingereza ikaadhibiwa tena na tena, wakafungwa 32-12. Jamaa alisemwa sana. Akakaa nje ya timu ya taifa miaka, 2023 wakamrudisha, akacheza Kombe la Dunia jingine na alistaafu 2025 akiwa na miaka 38 na mechi zaidi ya 100 za taifa. Mi huyo ndo nawaonyesha vijana wanaokuja kwangu, siyo video za kusukuma.

Kuhusu 1 au 3, loku mstaafu yuko sahihi kwamba kuanzia 1 ni salama zaidi, ila kuna kitu hajasema. Namba 3 unajifunza polepole mno na kama unaijua kweli klabu hazikuachi, kwa hiyo kuna makocha wanataka uanze kuzoea ukiwa bado kijana. Suluhu niliyoiona ikifanya kazi ni kufanya mazoezi ya 3 kwenye mashine na kwenye skramu za polepole, huku mechi unacheza 1 mwaka wa kwanza, na kwa mkopo ndo unaanza kuonja 3. Na omba uwekwe mazoezini mbele ya propu mzee wa klabu. Atakutesa, lakini mwisho wa mazoezi mwambie akueleze alichokufanyia, wengi wanaeleza, hii jamii ya propu ina upendo sana ndani yake.

flenka_saba:

Nimeongea na kocha. Nilimuuliza kama mlivyosema, kwa nini 3. Akaniambia ukweli kwamba mapropu wao wawili wa 3 wana zaidi ya miaka 32 na anafikiria mbele, si msimu huu. Akakubali nicheze 1 mechi za akademi mwaka wa kwanza na 3 kwenye mashine tu. Kilo tumepunguza, sasa ni nne tano mpaka mwisho wa msimu halafu tutaangalia. Kuhusu dakika za kugongana mtu wao wa mazoezi alinionyesha kabisa anavyohesabu. Mkataba uko kwa chama cha wachezaji wanausoma, ajenti alinuna kidogo lakini ametulia. Mama amesema anataka kuja kuona mazoezi kwanza.

Dada fizio, shingo naanza na nini wakati nasubiri? Nina wiki kadhaa kabla ya kuripoti.

dada_fizio:

Safi sana, na mama aje, mkaribishe akae karibu na daktari wa timu amuulize anachotaka.

Shingo anza bila uzito. Kaa wima, weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa kwenye mkono bila kichwa kusogea, sekunde kama kumi, halafu nyuma ya kichwa, halafu kila upande. Nguvu ya kiasi, siyo ya mwisho. Siku moja fanya, siku moja pumzika. Ikiwa haikuumi baada ya wiki mbili, piga magoti na mikono kama unatambaa, mgongo bapa, shingo imenyooka na mgongo, mwenzako akusukume kichwa taratibu kutoka pande zote na wewe ukatae kusogea. Usifanye daraja la kichwa lile la wanamieleka, najua utaliona kwenye video, liache mpaka mtu wa klabu akuone. Ukisikia ganzi au umeme unashuka mkononi simama hapohapo na usiendelee mpaka upimwe. Na siku ya kwanza ya kuripoti, kabla ya skramu yoyote, waambie wakupime shingo na wakuandikie hiyo namba, ndo utakayolinganisha nayo kila baada ya miezi.